Unga wa Nta

"Wamemrudia tena," alisema Dama, mchota maji wao, kabla hata hajautua mtungi wa maji. "Mara ya tano hii, Bi Alawiya, na jua halijafika juu ya mnara wa msikiti."

Alawiya alikuwa amekaa mkekani, sinia ya mchele mapajani. Vidole vyake viliacha kuchagua chuya. Hakuuliza aliyerudiwa ni nani. Tangu asubuhi vichochoro vyote vya Mji wa Kale vilikuwa na habari moja: dukani kwa Seth, pale Ndia Kuu, ndani ya kile chombo cha kunasa sauti, chenye pembe ya bati, Akil alikuwa akisoma qasida. Na Akil, mumewe, siku hiyo alitimiza siku themanini na moja kaburini.

Ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, na Seth, muuza vitambaa, alikuwa ameifanya siku nzima kuwa ya kusikiliza. Alitandika mikeka barazani, akatundika ubao mlangoni, na mwandishi mmoja wa mtaani akamwandikia kwa chaki utaratibu wa siku. Asubuhi qasida. Kabla ya adhuhuri nyimbo za Misri na za Bombay. Baada ya adhuhuri fidla za Wazungu, ambazo husemwa hupigwa na watu arubaini kwa pamoja na hakuna hata mmoja anayefungua kinywa. Baada ya alasiri chombo kipumzike, malenga wa mji wasome mashairi kwa midomo yao wenyewe. Kuingia bure. Atakayeona kitambaa cha kumpendeza huku akisikiliza, hakatazwi kununua.

"Ule ubao umekuwa pambo tu," Dama akaendelea, akijifuta shingo kwa upindo wa kanga. "Mwimbaji wa Misri hajapewa nafasi hata ya kukohoa. Kila Seth akishika kibomba kingine cha sauti, watu wote kwa sauti moja: Akil! Mrudishe Akil!"

"Kwa nini lakini?"

"Thawabu, Bi. Wanasema kila qasida ikisikizwa na watu wakamsalia Mtume, maiti yuaandikiwa. Na wa kwanza kuinua mkono ni shemejio, Bwana Faraj. Amekaa mbele kabisa, kanukia marashi utadhani yeye ndiye bwana harusi."

Alawiya alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha akajuta. Mwanamke mwenye eda hacheki hovyo. Hajipaki manukato, hatii wanja, hatoki mlangoni miezi minne na siku kumi, na sauti yake isivuke kizingiti ikafika kwa wanaume. Kioo cha chumbani kilikuwa kimegeuzwa uso ukutani tangu siku ya mazishi. Yote hayo aliyachukua bila kunung'unika, kwa kuwa alimpenda aliyekuwa akimkalia eda.

"Zein," alimwita mwanawe. "Usile mchele mbichi, baba."

Zein, mwenye miaka miwili na nusu, aliinua macho, akamtazama mamake, akaendelea kutafuna. Hakuitika.

Zamani aliitika. Akil alikuwa na mchezo wake: akirudi nyumbani hujificha nyuma ya mlango na kuita, "Zein!" Mtoto huyo huacha kila kitu, akasimama wima, akajibu kwa pumzi zake zote, "Naam, baba!" Kisha husubiri, maana baba lazima aite mara ya pili ndipo atokeze. Tangu Akil abebwe kwenye jeneza, mtoto hakumwitikia mtu naam. Wiki iliyopita ami yake Faraj alimwita mara tatu mbele ya wageni, mtoto akamkodolea macho tu. "Ndiyo mambo ya kulelewa na wanawake," Faraj akawaambia wageni, na Alawiya, nyuma ya pazia, akalimeza neno hilo kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mbele za watu.

Dama alikuwa bado hajaondoka. Alisimama akiuzungusha mdomo wa mtungi kwa kidole.

"Una neno jingine," Alawiya akamwambia.

"Si langu. La Chonga." Chonga alikuwa mumewe Dama. Kazi yake kwa Seth ilikuwa kuzungusha mkono wa kile chombo na kuvipangusa vile vibomba kwa brashi ya manyoya. "Anasema kila akikipangusa kile cha marehemu, brashi inatoka na unga."

"Unga gani?"

"Wa nta. Kile kibomba ni nta, Bi, unene wake kama mwanzi. Sauti imechorwa humo, mistari myembamba kama nywele. Ile sindano ikipita huisomesha, lakini huila. Vile vya Misri vimefanywa vigumu huko vilikotoka. Hiki cha hapa ni laini, Mzungu alikichora yeye mwenyewe. Mara ya kwanza Chonga anasema Bwana Akil alisikika mpaka kwa wauza tende. Mara hii ya tano, ni kama mtu anayesoma ndani ya kisima."

Chuya zilikuwa zimejikusanya upande mmoja wa sinia. Alawiya alizitazama.

"Kwa hivyo wanamfuta," alisema.

"Hawajui, Bi."

"Najua hawajui. Ndiyo maana wanamfuta kwa mapenzi."

Na kibomba kilikuwa hicho kimoja tu. Mzungu aliyekuwa amepanga juu ya duka la Seth, mtu wa kukusanya nyimbo kama wengine wakusanyavyo vipepeo, alimwita Akil miaka miwili nyuma amsomee mbele ya pembe. Siku hiyo Alawiya alikuwa na homa, Akil akaondoka na Zein begani, mtoto wa miezi sita. Mzungu alipokwenda bara hakurudi, chombo na sanduku lake vikabaki kwa Seth. Mji mzima sasa ulikuwa umekwisha kuisikia ile qasida. Aliyekuwa hajaisikia chomboni hata mara moja ni mkewe.

Mamake Akil, Bi Saadia, alikuwa kitandani kwake, tasbihi mkononi na pamba masikioni. Aliitia pamba hiyo tangu alfajiri, ingawa kwa kawaida sauti ya Ndia Kuu haikufika kwenye nyumba yao iliyojificha vichochoro vitatu nyuma.

Alawiya alimgusa goti. Bi Saadia akatoa pamba ya sikio moja, moja tu.

"Mama, nataka kutuma ujumbe dukani. Wasimrudie tena."

"Sitaki kuyasikia hayo."

"Nta inakwisha, mama. Chonga ameona."

"Ikwishe. Mimi mwanangu alioshwa, akakafiniwa, nikamtazama akitolewa mlango ule. Huyo aliye ndani ya debe simjui."

"Zein je? Yeye atamjua babake kwa kitu gani? Nguo zimegawiwa. Kanzu zimekwenda kwa maskini. Uso wake hana pa kuuona. Akifika umri wa kuuliza, nitamwonyesha nini?"

"Utamwonyesha kaburi, kama sote tulivyoonyeshwa." Bi Saadia akairudisha pamba sikioni. Lakini ilimchukua mara mbili kuiingiza.

Alawiya akamtuma Dama kwa kinywa: Mke wa marehemu anamwomba Seth, kwa heshima, akiweke kando kibomba kile.

Dama alirudi haraka kuliko alivyokwenda, na hiyo haikuwa dalili njema.

"Sema kama walivyosema," Alawiya akamwambia. "Usinipakie asali."

"Seth amesema yeye ni mfanyabiashara, si kadhi. Wateja wakiomba, ndugu wa maiti akiwa miongoni mwao, yeye ni nani akatae? Kisha akatokea mmoja, yule mnene mshona kofia, akasema, 'Mwambie Bi mwenye eda nta hutoka kwa nyuki, na nyuki hawajafiwa!' Baraza zima likacheka, Bi."

"Na Faraj?"

"Yeye hakucheka. Aliniambia nirudi nyumbani nisiwatie aibu. Halafu akainua mkono. Mara ya saba."

Alawiya akainuka, akafungua kasha lake. Chini, ndani ya kitambaa, kulikuwa na kikuku cha fedha alichopewa na mamake mzazi siku ya harusi, kizito, chenye nakshi ya mabua. Kisha akachukua karatasi na kalamu. Akil ndiye aliyemfunza kuandika, jioni baada ya jioni, wakicheka kwa herufi zake zilizolala chali. Sasa herufi zilisimama. Akaandika: *Kwa Seth. Salamu. Naomba uniuzie kibomba cha sauti ya mume wangu. Kikuku hiki ni mali yangu mwenyewe, hakimo katika mirathi. Kama hakitoshi, nijulishe.*

"Mpe mkononi mwake," alisema. "Asikione mtu."

Saa nzima ilipita. Kisha chini, kwenye ukumbi, ikasikika hodi isiyongoja kukaribishwa, na nyayo za Faraj zikapanda ngazi mpaka mbele ya pazia. Hapo zikasimama, kwa kuwa Faraj, hata akiwa na hasira, alikuwa mtu wa mipaka.

Kikuku kilipita chini ya pazia, kikabingirika juu ya sakafu ya chokaa, kikazunguka, kikalala kwenye mguu wa kitanda.

"Mke wa Akil," Faraj alisema, "anauza vikuku Ndia Kuu. Eda haijafika hata miezi mitatu."

"Shemeji, sikuuza. Niliomba kununua."

"Kwa barua! Wajua barua yako imefika wapi? Seth hajui herufi zetu. Alimpa mshona kofia amsomee."

"Aliisoma kimya?"

"Yule? Yule hata akisali husikika nje. Ameisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka 'hakimo katika mirathi.' Sasa mji mzima wajua tulivyogawana kwetu. Wazee wamenitazama kama mtu aliyemwibia mjane."

"Nisamehe kwa hilo. Sikulikusudia. Lakini nisikize, shemeji. Kila mkimrudia, mnamkwangua. Kimebaki kidogo."

"Maneno ya Chonga hayo? Mzungusha mkono?" Faraj aliponena tena sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilimwumiza Alawiya zaidi kuliko ukali. "Siku aliyokufa ndugu yangu mimi nilikuwa Lamu. Nimefika, nimekuta udongo umekauka. Sikumwosha. Sikumbeba. Hata konzi moja ya mchanga sikumtilia. Leo nimemsikia mara kumi na moja, na kila mara watu mia wamemsalia Mtume kwa ajili yake. Hiyo ndiyo konzi yangu ya mchanga, Bi Alawiya. Wewe wataka kuninyima?"

Alawiya angemwambia nini? Kwamba mapenzi yake yalikuwa na meno?

"Zein!" Faraj aliita. "Njoo umwamkie ami yako."

Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya kanga ya mamake, kidole mdomoni.

"Hata naam," alisema Faraj. "Hata naam hamjamfunza." Akashuka.

Adhuhuri ikaadhiniwa, duka likafungwa kwa sala, na kwa muda ule mfupi Alawiya akapumua. Baada ya sala upepo wa kaskazi ulileta kitu chembamba kupitia dirisha la juu, kama nzi wengi wakiwa na huzuni moja: fidla za Wazungu. Alisimama kwenye dirisha akasikiliza kwa moyo wote, akiwaombea dua makafiri wale arubaini wazidi kupiga, wasichoke, wapige mpaka alasiri. Walipiga vizuri. Katikati mmoja alijitenga na wenzake akalia peke yake, na Alawiya akamwelewa bila kuambiwa maneno.

Kisha kukawa na kimya. Kisha, kutoka mbali, sauti za watu wengi zikapanda kwa pamoja, zikashuka. Walikuwa wakimsalia Mtume. Wamemrudia.

Alijikuta amesimama juu ya ngazi. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeshuka kidato cha kwanza. Kutoka pale mpaka Ndia Kuu zilikuwa hatua mia mbili, pengine mia tatu. Alizijua hata gizani. Akashika ukuta. Akienda, hapatakuwa na wa kumtetea: mjane aliyevunja eda ya mumewe akaingia katika umati wa wanaume kusikiliza muziki. Ndivyo itakavyosimuliwa, muziki. Na watu wa mume wakisema mwanamke huyu hafai kulea mtoto wa Akil, nani atawaambia si kweli? Atakuwa ameokoa sauti akampoteza mwenye kurithi sauti.

Akaurudisha mguu. Akakaa pale pale juu ya ngazi, Zein akaja akakaa kando yake, akaegemeza kichwa.

Dama aliwakuta hapo. Safari hii hakuwa na mtungi, alikuwa na kipande cha karatasi kilichosokotwa kama cha kufungia bizari.

"Chonga ametuma hiki. Amesema si cha kwako, Bi. Ni cha Bi mkubwa."

Wakaingia wote chumbani kwa Bi Saadia. Dama akachukua sinia ndogo ya shaba, akaikunjua karatasi juu yake. Palimwagika unga wa rangi ya kahawia, mwepesi, kiasi cha kujaza kijiko.

Bi Saadia akatoa pamba, masikio yote mawili. "Hii nini?"

"Ni mpanguso wa tangu asubuhi, Bi mkubwa. Chonga hakuutupa. Amesema hakuona pa kuutupa."

"Mpanguso wa nini?"

Dama akamtazama Alawiya. Basi Dama akajibu, kwa Kiswahili chake cha bara kisichojua kuzunguka: "Wa mwanao. Hii ndiyo sauti yake. Hii haisemi tena."

Yule mama alinyosha kidole, akaugusa unga kwa ncha. Ulimshika kidoleni. Akaukaribisha puani, kama mtu anusavyo kichwa cha mtoto mchanga. Tasbihi ilimteleza mapajani, ikaanguka chini, na hakuna aliyeiokota.

"Nilidhani ni mzimu," alisema mwishoni. "Mzimu hauna unga." Kisha akasimama kwa ghafla hata kitanda kikalia. "Dama, lete buibui langu. Na ukunje hiyo karatasi vizuri, isidondoke hata chembe."

"Mama, wanaume wamejaa..."

"Mimi sina eda. Na wote pale niliwajua wakiwa hawajafunga kikoi." Akalitupia buibui kichwani. Mlangoni akageuka. "Wewe mkalishe mtoto. Umvike kanzu safi."

Alawiya hakujua kanzu safi ni ya nini, lakini alimvika.

Kungoja ndani ya nyumba ni kazi kama kazi nyingine, na yeye aliizoea. Alimkata Zein kucha. Alikiokota kikuku, akakifuta, akakirudisha kashani. Kisha kichochoro kikajaa nyayo, nyingi na nzito, na Dama akapanda ngazi mbiombio, amejaa habari hadi machoni.

"Bi! Bi mkubwa amewapasua wanaume kama kisu katika papai! Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Faraj, akamwambia fumbua mkono, akammwagia ule unga kiganjani. 'Haya, mhesabie nduguyo thawabu,' akamwambia. 'Mara kumi na nne mmemla, mji mzima mmeshiba, na mkewe hajaonja!' Yule mshona kofia alitaka kusema kitu, Bi mkubwa akamwambia, 'Wewe kaa kimya, mimi nilimzalisha mamako ulipozaliwa, nawe ulitoka unapiga kelele hizi hizi.'"

"Na Faraj?"

Dama akaacha kucheka. "Ameufumba mkono. Mpaka sasa hajaufumbua."

Chini, kwa amri ya Bi Saadia, Chonga alikuwa akikitua chombo juu ya jiwe la ukumbi. Seth alikuwa nyuma yake, akihema, amelikumbatia sanduku la vibomba. Hakumwamini mtu mwingine na ile sindano. Pazia likashushwa juu ya ngazi, na nyuma yake Alawiya akakaa, Zein mapajani. Kupitia upenyo aliweza kuona pembe ya bati, utosi wa kofia ya Seth, na Faraj aliyesimama mbali na wengine, ameegemea ukuta, ngumi yake kifuani.

"Mama," Seth akasema, akiwa ameinamisha kichwa. "Mimi sikujua. Ningejua ningekiweka kando. Lakini nakwambia ukweli wa biashara: pengine hakuna kitu tena humu."

"Weka," alisema Bi Saadia.

Chonga akazungusha. Sindano ikagusa.

Kilichotoka kilikuwa mvua. Mvua juu ya makuti, mfululizo, isiyokoma. Alawiya alifumba macho akatafuta ndani ya mvua hiyo, akatafuta kama mtu apapasaye chini ya kitanda gizani, na mara mbili alidhani amegusa kitu, kipande cha neno, mvuto wa pumzi aliyoijua kwa miaka minne ya mto mmoja. Kikaponyoka. Mvua ikaendelea. Chini, Bi Saadia alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa buibui. Qasida ile ndefu, ambayo Akil aliisoma kila Mfungo Sita tangu alipobalehe, ilipita yote namna hiyo, na hakuna aliyeinua mkono.

Mvua ikapungua. Seth, kwa mazoea ya siku nzima, akapeleka vidole kwenye sindano.

"Imekwisha," alisema. "Mwisho hapa ni makelele tu, sipigi."

Makelele gani? Alawiya akafumbua macho. Siku ya homa. Akil mlangoni, Zein begani, miezi sita.

"Seth, wacha!"

Sauti yake ilishuka ngazi, ikapiga ukuta wa ukumbi, ikarudi. Kofia ya Seth iliinuka, Chonga akainua uso, hata mtu aliyekuwa akipita kichochoroni akasimama. Sauti ya mwanamke mwenye eda, wazi, mbele ya wanaume wasio wake. Yeye mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Usiinue sindano," alisema tena. "Iache iende."

Seth akamtazama Faraj. Faraj hakumtazama mtu.

"Umesikia," alisema Faraj kwa sauti kavu. "Iache."

Na sindano, ikipita mahali ambapo siku nzima haikuwahi kupita, ilitoka katika mvua kama mtu atokaye nje penye jua. Mtoto mchanga alikuwa akilia. Alilia karibu, kwa sauti safi na hasira, hata Dama akageuka kutazama ni wa nani. Kisha mwanamume akacheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyemaliza kazi akashikwa na nyingine.

"Aa, aa. Nyamaza, baba. Twaenda kwa mama." Kimya kidogo, kisha kwa nguvu, kama kutoka nyuma ya mlango: "Zein!"

Zein aliteleza kutoka mapajani. Akasimama wima, mikono ubavuni, kanzu yake safi ikamgusa vidole vya miguu.

"Naam, baba!"

Ukumbi mzima ulisikia. Sindano ikateleza mpaka ukingoni, ikabaki ikikwaruza, na Chonga akasahau kuacha kuzungusha. Bi Saadia alikaa chini pale pale juu ya jiwe. Faraj aligeuka akaweka paji la uso ukutani, na ngumi yake, ile iliyofumba unga, ikabaki juu ya kichwa chake kama ya mtu anayegonga nyumba isiyo na watu.

Mtoto hakusogea. Alikuwa amelikabili pazia, akingoja kuitwa mara ya pili.

"Nirudie?" aliuliza Seth, kwa upole ambao haukuwahi kusikika dukani kwake. "Mwisho huu bado mzima. Nirudie, mama?"

Bi Saadia alitazama juu kwenye pazia, Faraj naye, na Chonga na mkono wake juu ya mpini. Alawiya akaelewa kwamba wanamngoja yeye. Kila kiungo chake kilitaka kusema ndiyo. Mara moja tu nyingine. Mara mbili. Mpaka magharibi.

"La," alisema. "Kitoe."

Dama akakipandisha, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, chepesi kama yai lililonyonywa. Nyuma yake zikapanda nyayo za Faraj, polepole, zikasimama kwenye mpaka wake.

"Bi Alawiya," alisema. "Na huu unga? Nimeushika, sijui pa kuuweka."

"Ulete, shemeji. Vitakaa pamoja."

Kiganja kilipita chini ya pazia, kimefumbuliwa, unga umeloa jasho na kushikamana na mistari ya mkono. Aliukwangua kwa ukucha, chembe kwa chembe, akautia katika kile kitambaa.

Zein alikuwa bado amesimama. "Baba aita tena?" aliuliza. Lilikuwa ndilo swali la kwanza aliloliuliza juu ya babake tangu mazishi.

"Ataita," Alawiya akamwambia. "Ukiwa mkubwa."

Mtoto akalifikiri hilo. Kisha akaenda mbele ya pazia, akakaa kitako, akakunja miguu kama wakaavyo watu wazima barazani, akaanza kungoja.